Barua ya wazi: Andikeni mapaa ya asbesto kabla hatujayaezua

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa. Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Afya, Kazi na Mazingira. Na Mtendaji Mkuu wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa kuezeka. Kazi nyingi zinazonijia siku hizi si za majengo mapya. Ni za kuezua paa kuukuu la jengo la umma na kuweka bati la rangi, lile la msauzi ambalo kila kamati ya shule inalitamani. Nawaandikia kuhusu mapaa ya aina moja: yale mazito ya kijivu, yenye mawimbi mapana, yaliyoota ukungu mweusi upande wa kivuli, ambayo sote tunayaita mabati ya asbesto ingawa ni simenti iliyochanganywa na nyuzi. Yako kwenye shule, vyuo, hospitali, maghala na nyumba za watumishi zilizojengwa zamani, na umri wake umeshafika ule wa kuondolewa.

Ombi langu nalisema mapema ili asiye na muda wa kusoma yote asilikose. Kabla paa la namna hiyo halijaguswa, liandikwe. Na kila atakayepanda kuliezua, naye aandikwe. Madaftari mawili tu. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini nadai daftari kabla sijadai barakoa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyoivuta kazini, na kwamba vifo hivyo ni zaidi ya asilimia 70 ya vifo vyote vya saratani zinazotokana na kazi. Maana yake ni kwamba ukichukua kemikali zote za viwandani, moshi wote na mionzi yote inayowapa watu saratani wakiwa kazini, ukavijumlisha vyote, havifikii nusu ya kinachofanywa na nyuzi hizi peke yake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya hilo la afya, limeshaamua kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu, bila kubakiza hata moja. Nchi zaidi ya 50 zimepiga marufuku.

Sasa tazameni nani anaonekana katika hesabu hizo. Uingereza ilifunga mlango kabisa mwaka 1999, na mpaka leo inazika zaidi ya watu 5,000 kwa mwaka kwa magonjwa ya asbesto. Wanajulikana kwa sababu daktari wa kule akikutana na saratani ya utando wa mapafu humuuliza mgonjwa alifanya kazi gani miaka ya 60 na 70, na jibu linaandikwa mahali linapohesabiwa. Kwetu mtu anakufa kwa kifua. Kwenye matanga watu wanasema kilimsumbua siku nyingi, wanatawanyika, basi. Nchi zilizohesabu wafu wao ndizo zilizopiga marufuku. Zisizohesabu huambiwa na wauzaji kwamba kwao hakuna ushahidi wa tatizo, na zikishaambiwa mara nyingi huanza kuamini.

Ugonjwa wenyewe unasaidia uongo huo, maana unakuja umechelewa. Asbesto ni madini yanayopasuka kuwa nyuzi, na nyuzi nazo hupasuka kuwa nyembamba zaidi hadi jicho lisizione tena. Ukizivuta zinafika chini kabisa kwenye vifuko vya hewa. Mwili hutuma chembe zake za ulinzi zikazimeze, lakini uzi ni mrefu kuliko chembe inayotumwa, haumezeki na hauyeyuki. Unabaki hapo, na pafu linajijaza makovu kuuzunguka. Makovu yakizidi, pafu linakakamaa, na mtu anaanza kuhema kwa kupanda ngazi tu. Hiyo ni asbestosisi, na haina dawa ya kuirudisha nyuma. Kuna saratani ya mapafu, ambayo hatari yake huongezeka maradufu na zaidi kwa mvuta sigara. Kuna saratani ya koo la sauti na ya ovari. Na kuna mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu au matumbo, ambayo karibu haina chanzo kingine zaidi ya asbesto, na wengi wanaoambiwa wanayo hawamalizi miaka miwili.

Kati ya kuvuta vumbi na kuugua hupita miaka 20, 30, 40, wakati mwingine zaidi. Saidia fundi wa miaka 20 aliyenishikia ngazi mwaka jana, kama kuna kitu kimeingia kifuani mwake, hatakohoa mwaka huu wala mwaka ujao. Ataoa, atajenga, atasomesha. Waziri atakayekuwa ofisini siku atakapokohoa huenda leo yuko darasa la tatu. Ndiyo maana sikuombeni mtoe takwimu za wagonjwa. Hamwezi kuwa nazo. Naomba mwandike kinachofanyika sasa, ili huyo waziri ajaye awe na kitu cha kusoma.

Walioandika walituachia funzo, hata pale walipopuuzwa. Mwaka 1960 madaktari watatu wa Afrika Kusini, Wagner, Sleggs na Marchand, walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa mesotelioma, wakati ambapo duniani ugonjwa huo ulikuwa karibu haujulikani. Karibu wote walihusiana na vilima vya asbesto ya bluu kule kaskazini mwa jimbo la Cape. Kilichoshtua ni kwamba wengine hawakuwahi kuchimba. Walikulia tu karibu na machimbo, walicheza kwenye vumbi wakiwa watoto, au waliishi kando ya njia ambayo mizigo ilipita. Taarifa ilichapishwa, wataalamu wakaisoma, na uchimbaji ukaendelea kupanda hadi ukafikia kilele mwaka 1977. Marufuku ilikuja 2008. Hesabuni miaka iliyo katikati ya 1960 na 2008, kisha mniambie ni nani aliyeihitaji.

Hata hivyo, karatasi haikupotea bure. Wagonjwa wa Prieska na Penge walipoishitaki kampuni ya Uingereza iliyokuwa na machimbo na kinu kule, Cape plc, mahakama ya juu ya Uingereza iliamua mwaka 2000 kwamba wana haki ya kusikilizwa huko huko London. Walikuwa zaidi ya 7,000. Malipo yalipofikiwa mwaka 2003, wengi walikuwa wameshazikwa. Fedha zenyewe hazikuwa za kujivunia. Lakini kesi za namna hii husimama juu ya mambo matatu, nani, wapi na lini, na asiyeweza kujibu hayo matatu hafiki hata mlangoni.

Mfano wa upande wa pili ni Italia. Katika mji wa Casale Monferrato kilikuwepo kiwanda cha Eternit cha kutengeneza mabati haya haya. Kilifungwa 1986. Watu waliendelea kufa, wafanyakazi na majirani wasiowahi kuingia getini. Mwaka 2012 mahakama ya Turin ilimtia hatiani mmiliki, Stephan Schmidheiny. Mwaka 2014 mahakama ya mwisho ikaifuta hukumu hiyo kwa sababu muda wa kisheria ulikuwa umepita. Hakuna aliyesema watu hawakufa. Kesi nyingine zilifunguliwa baadaye, ila nataka mwone jambo moja: sheria inayohesabu muda kuanzia siku ya kosa haiwezi kumsaidia mgonjwa ambaye mwili wake unahesabu kwa miaka 40.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye asbesto aliyeficha hakuwa mgonjwa, na aliyeumbuliwa hakuwa yeye. Nellie Kershaw alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto kule Rochdale, Uingereza. Alifariki 1924 akiwa na miaka 33, mapafu yamejaa makovu, na daktari aliyeyachunguza alichapisha alichokiona katika jarida la madaktari mwaka huo huo. Kampuni ilikataa kulipa, ikihofia kwamba ikimlipa mmoja itakuwa imekubali kuwepo kwa ugonjwa. Serikali ya Uingereza ilitoa kanuni za kwanza za vumbi hilo mwaka 1931. Tarehe hiyo ni muhimu kwetu. Mabati mengi yaliyo juu ya vichwa vya wanafunzi wetu leo yalipandishwa miongo mingi baada ya hapo. Waliouza walijua walichokuwa wakiuza.

Nirudi nyumbani. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa fundi wa majengo ya serikali tangu ujana wake. Alikata mabati ya asbesto kwa msumeno wa mkono, na baadaye kwa grenda. Alipoanza kukohoa alipewa dawa za kifua kikuu. Makohozi hayakuonyesha kitu, lakini picha ilikuwa na makovu, na kwetu makovu kwenye picha maana yake ni TB mpaka ithibitike vinginevyo. Alimaliza dozi, hakupona, akapewa nyingine. Sisemi ilikuwa asbesto. Mimi si daktari, na huenda kweli ilikuwa TB. Ninachojua ni kwamba katika hospitali zote alizopita, hakuna aliyemuuliza: mzee, umefanya kazi gani maishani mwako?

Na tukiamua kuuliza tunaweza. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, ambayo wengi tunaijua kwa TB, imewachunguza wachimbaji wa Mirerani na kuwakuta na silikosisi, ugonjwa wa vumbi la mwamba, uliokuwa ukichanganywa na kifua kikuu kwa miaka. Kwa hiyo wataalamu tunao, na hata uzoefu wa kutofautisha makovu upo. Mafundi ujenzi hatujawekwa kwenye orodha ya wanaotazamwa, hilo tu. Na tukiwekwa, msiwasahau vijana wa gereji, ambao kwa miaka wamekuwa wakipuliza vumbi la breki kwa kompresa huku wameinamia ngoma ya gurudumu. Breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto.

Niwaeleze paa linavyoshuka, kwa sababu nadhani wengi wenu mmeliona likiwa juu tu.

Siku hizi ukarabati wa shule unafanywa kwa force akaunti. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule, kamati inanunua vifaa, inatafuta fundi wa jirani, inapatana naye bei ya ufundi. Ni utaratibu mzuri. Umetupa kazi sisi ambao zamani zabuni zilitupita juu, na fedha kidogo zimejenga madarasa mengi. Siupingi hata kidogo. Lakini katika mchanganuo, ile BOQ tunayopewa, kuna mstari wa mbao, wa misumari, wa bati, wa rangi na wa ufundi. Kuezua hakuna mstari. Kunaonekana ni kitu kinachotokea chenyewe.

Katika shule moja niliyoitwa, ambayo siitaji, kazi ya kuezua ilikuwa imeshaanza nilipofika. Vijana walikuwa juu ya kenchi na nyundo. Bati la asbesto limefungwa kwa boliti ndefu iliyoshika kutu, na kuifungua kunataka spana, mafuta na subira. Kulipiga bati nyundo kunataka sekunde tatu. Wakalipiga. Vipande vilidondoka kwenye sakafu ya darasa na kila kipande kikatoa wingu lake dogo jeupe. Chini, wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wanasomba vipande kwa ndoo na kuvitupa nyuma ya vyoo, kwa kuwa likizo ilikuwa haijaanza rasmi na mikono ya bure ilikuwepo. Mwalimu wa zamu, kwa nia njema kabisa, aliwaambia wafagie vizuri. Ufagio wa chelewa kwenye vumbi kavu la asbesto ni karibu kitu kibaya kuliko vyote unavyoweza kufanya, na kwenye mazingira yetu ndicho kitu cha kwanza ambacho mtu mwenye adabu ya usafi atakifanya.

Jioni mabati yaliyobaki mazima yalikuwa yameshapata wenyewe. Moja lilikwenda kufunika shimo la choo, mengine yakawa ukuta wa banda la kuku. Mama mmoja alichukua vipande vya kupangia kingo za bustani ya mchicha. Sikumlaumu. Ni kitu kizito, hakiozi, hakiliwi na mchwa, na kilikuwa cha bure. Vijana wale walirudi nyumbani na nguo zile zile, zikakung'utwa na kufuliwa na mama zao au wake zao. Kwenye nchi zinazoweka kumbukumbu, wake waliofua ovaroli za waume zao wamekufa kwa mesotelioma bila kukanyaga kiwandani.

Waheshimiwa, sisemi haya ili wazazi wakimbize watoto kesho. Paa la asbesto lililo zima, ambalo halijakatwa wala kuvunjika, lina hatari ndogo sana kwa anayekaa chini yake, na mara nyingi ni salama zaidi kuliacha lilivyo au kulipaka rangi nzito ya kuziba kuliko kukurupuka kulishusha. Hata maji ya mvua yanayotiririka juu yake, ambayo watu wengi huniuliza kwa hofu, si tatizo kubwa: Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha ukomo kwa nyuzi kwenye maji ya kunywa, kwa kuwa ushahidi wa madhara ya kumeza ni dhaifu. Hatari iko kwenye kuvuta. Hatari ni siku ya nyundo, na siku ya grenda, na siku fundi bomba anapokata bomba kuukuu la asbesto mtaroni bila kulilowesha.

Kuliezua kwa usalama si sayansi ya roketi. Unalilowesha paa kwa maji yenye sabuni kidogo, na unaendelea kulilowesha. Unafungua boliti au kuikata kwa mkasi wake bila kugusa bati. Unalishusha bati zima kwa mikono, hulirushi. Unalifunga kwenye nailoni nzito, unaandika juu yake ni nini, unalipeleka kwenye shimo lililotengwa na kulifukia mara moja. Unavaa barakoa inayochuja vumbi laini, ile inayobana uso. Kitambaa na ile ya hospitali hazisaidii. Nguo unaziacha kazini. Vilivyodondoka unaviokota vikiwa vimelowa, hufagii. Watoto wanakuwa mbali. Haya yote yanaongeza gharama na siku, na mtu pekee ambaye leo anatakiwa kuzilipa gharama hizo ni fundi aliyepatana bei ya jumla na kamati ya shule. Nadhani mnaona kwa nini anachukua nyundo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 tunayo, na inazungumzia taka hatarishi. Hazijafika kwenye kamati ya shule. Mwenyekiti wa kamati hajui kwamba paa lake ni taka hatarishi, na hakuna karatasi yoyote mkononi mwake inayomwambia.

Hapo ndipo daftari la kwanza linapoingia. Poland ilipiga marufuku mwaka 1997, kisha ikafanya jambo ambalo wengi hawakulifanya: iliweka mpango wa kuondoa asbesto yote nchini ifikapo 2032, na halmashauri zake zikapita kuandika paa moja baada ya jingine kwenye kanzidata ya taifa. Mpaka leo hawajamaliza kuondoa, na pengine 2032 itawakuta bado. Lakini wanajua wamebakiza nini na kiko wapi. Sisi hatuhitaji kuanza na kanzidata. Walimu wakuu wanajaza sensa ya elimu kila mwaka, wanahesabu matundu ya vyoo na madawati yaliyovunjika. Ongezeni swali moja: kuna jengo lenye paa la asbesto? Mabati mangapi, mazima au yamevunjika? Waganga wafawidhi waulizwe hivyo hivyo kwa zahanati, vituo vya afya na nyumba za watumishi. Jibu likishakuwepo, halmashauri isiidhinishe fedha ya ukarabati wa jengo hilo mpaka BOQ iwe na mstari wa kuezua, kusafirisha na kufukia. Na kila halmashauri itenge shimo, kwa sababu kumwambia fundi asitupe nyuma ya choo bila kumwonyesha pa kutupa ni kumdhihaki.

Daftari la pili ni la watu. Jina, mwaka wa kuzaliwa, jengo, tarehe, na kazi aliyofanya siku hiyo. Namba ya kitambulisho cha taifa itatosha kumfuata atakapohamia, na mafundi tunahama kweli. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya 2008 umejengwa kwa mtu mwenye mwajiri anayemchangia. Saidia fundi wa force akaunti ana mwajiri kwa siku nne, na mwajiri huyo ni kamati ambayo baada ya miaka mitatu itakuwa na wajumbe wengine. Atakapougua miaka 35 baadaye atakwenda kumdai nani? Japani ilipitisha sheria ya misaada mwaka 2006 na Korea Kusini ikafuata na ya kwake ikaanza kazi 2011, na zote zinawafikia hata watu wasio na mwajiri wa kumshitaki, wakiwemo majirani wa viwanda. Naelewa sisi si Japani. Lakini daftari halina bei ya Japani, na bila daftari hata siku tutakapokuwa na fedha hatutajua tumpe nani.

Jambo la mwisho linawahusu mnaotuwakilisha Geneva. Dunia bado inachimba zaidi ya tani milioni moja za asbesto kwa mwaka, karibu nusu yake nchini Urusi, ambako kuna mji mzima unaoitwa Asbest. Nyingi ya hiyo inauzwa Asia, India ikiwa mnunuzi mkubwa. Inayochimbwa sasa ni asbesto nyeupe, krisotaili, na wauzaji wake husema hiyo ni salama ikitumiwa kwa uangalifu. Sijui huo uangalifu wanauona wapi. Mimi nimewaeleza nilichokiona chini ya kenchi.

Mkataba wa Rotterdam, ule wa kimataifa wa biashara ya kemikali hatari, ambao nchi huujadili Geneva, umeshaorodhesha aina nyingine tano za asbesto. Krisotaili peke yake imebaki nje tangu mapendekezo yalipofikishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006, ingawa kamati ya wataalamu wa mkataba wenyewe inasema imetimiza vigezo vyote. Inabaki nje kwa sababu uamuzi unataka wote wakubaliane, na nchi chache zinatosha kuzuia: Urusi na Kazakhstan zinazochimba, na Zimbabwe, mwenzetu wa SADC, ambayo ina machimbo yake kule Zvishavane na Mashava. Canada nayo ilizuia kwa miaka hadi ilipoacha mwaka 2012, na mwaka 2018 ikapiga marufuku kwake yenyewe. Mkutano wa 2025 uliisha kama uliotangulia.

Na kinachozuiwa si marufuku. Kuorodheshwa maana yake ni kwamba muuzaji anatakiwa kumwarifu mnunuzi kabla mzigo haujaja, na mnunuzi anaweza kusema ndiyo au hapana. Basi. Tunakataliwa haki ya kuambiwa kilichomo ndani ya mzigo. Mwaka 2023 Uswisi, Mali na Australia zilipendekeza njia ya kuvuka mkwamo huu, na haikupita. Mkutano ujao ukifika, naomba ujumbe wetu usikae kimya kwa heshima ya ujirani. Semeni na ndugu zetu wa Zimbabwe ndani ya SADC kabla ya kupanda ndege, maana Geneva kila mtu anasoma hotuba aliyotoka nayo nyumbani. Mkienda na daftari la mapaa yetu mkononi, mtakuwa na neno la kusema ambalo halikutoka kwenye kitabu cha mtu mwingine.

Najua mtaulizana wizara ipi inaanza. TAMISEMI ianze, kwa kuwa shule na zahanati ni zake na fedha za force akaunti zinapita mikononi mwake. Waraka wa kurasa mbili unatosha: swali la sensa, mstari wa BOQ, fomu ya majina, na picha ya bati lenyewe ili mwalimu mkuu alitambue. OSHA waandike ukurasa wa namna ya kuezua, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ubandikwe ukutani.

Shule zinafunga Juni, na kazi za kuezua huanza wiki ile ile. Waraka ukitoka Mei utatukuta bado tuko chini.

Wenu mtiifu,

Fundi wa kuezeka, Morogoro

Nakala: Wakurugenzi wa halmashauri zote, wenyeviti wa kamati za shule, mafundi wenzangu